Udongo wa Kufika Muundini

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Chiriku alikuwa na kazi moja aliyoichukia kuliko kuosha masufuria: kukung'uta nguo zilizoanikwa. Nguo zenyewe zilikuwa safi. Kosa lilikuwa la Kipara.

Kipara ni jina ambalo watu walilipa eneo kubwa tupu lililokuwa nyuma ya nyumba zao. Zamani watu wa mgodi walichimba makaa ya mawe pale. Walipoyamaliza, walilifukia shimo kwa kifusi kilichotoka chini kabisa, tumboni mwa ardhi, na kifusi hicho kilijaa chumvi. Halikuota hata jani moja. Jua likiwaka, chumvi ilitokeza juu ikawa nyeupe kama unga uliomwagika. Upepo ukivuma, unga huo ulisafiri bila nauli hadi kwenye kamba za nguo, kwenye vyombo visivyofunikwa na kwenye nywele za watu.

"Mama!" Chiriku aliita huku akilipiga shati lake hewani. "Hili shati tukilichemsha tutapata mchuzi uliokolea!"

"Basi lichemshe, utuokolee safari ya dukani," mama yake akajibu. Sauti yake ilitoka chini ya lori. Mama Chiriku alikuwa dereva wa lori la tipa pale mgodini, na kila alfajiri alilikagua lori lake kama daktari anayempima mgonjwa mkorofi. "Na ufanye haraka. Mdomo unafanya kazi, mikono imelala."

Jina la Chiriku lilitokana na mdomo huohuo. Aliongea akila, aliongea akifagia, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alitangaza mechi. Mechi zenyewe ndizo zilizokuwa uhai wake. Chiriku alikuwa nahodha wa timu ya mpira ya shule yao, timu isiyokuwa na uwanja. Walicheza barabarani. Lori likitokea, refa alipuliza filimbi, wachezaji wakatawanyika kama kuku walioona kipanga, kisha wakarudi kubishana mpira ulikuwa wa nani. Mpira wao wa mwisho ulipasuliwa na gurudumu. Aliyeupasua alikuwa mama yake mwenyewe, na mpaka leo hawajamalizana.

Ndiyo maana, siku Bibi Shamba, mtaalamu wa udongo aliyetumwa na mgodi, alipofika darasani na buti zake za mpira, Chiriku aliyasikia maneno yake kwa mwili mzima.

"Shikamoo, Bibi Shamba!" darasa liliimba.

"Marahaba, wanangu. Nani anataka uwanja wa mpira?"

Darasa lililipuka. Madawati yaligongwa. Mwalimu Mkuu alichungulia dirishani kuona kama paa limeanguka.

Bibi Shamba alingoja kelele zipungue, kisha akatoa utambi wa taa na kopo la maji yaliyotiwa wino. Akachovya ncha ya utambi kwenye maji. Wote wakainuka kutazama. Polepole wino ulianza kuupanda utambi kwenda juu, kana kwamba unavutwa na mkono usioonekana.

"Ndivyo chumvi ya Kipara inavyopanda," alisema. "Maji ya chini huvutwa juu na jua, yakaibeba chumvi mgongoni. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki. Ukitandaza udongo mzuri juu ya kifusi, chumvi bado itajaribu kupanda. Udongo ukiwa mwembamba, itafika kwenye mizizi na kuiunguza. Ukiwa mnene wa kutosha, itachoka njiani, na mvua ikinyesha itaisukuma irudi ilikotoka."

"Mnene kiasi gani?" akauliza Chiriku, kabla hajanyoosha mkono.

"Hilo ndilo swali, na ninyi ndio mtakaonijibu."

Akaeleza. Siku mgodi ulipoanza, udongo mweusi wa juu uliwekwa kando, na rundo hilo bado lilikuwepo. Lilikuwa moja tu. Likitandazwa kwa kina cha kufika kwenye kifundo cha mguu, lingefunika Kipara chote na kubaki. Likitandazwa hadi muundini, yaani katikati ya kifundo na goti, lingekifunika Kipara chote bila kubaki hata toroli moja. Hadi gotini, lisingefika hata robo tatu.

"Kwa hiyo tutatengeneza vitalu vitatu vya majaribio na kupanda nyasi. Timu Kifundo, Timu Muundi na Timu Goti. Kifundo, kusema kweli, sikitegemei sana. Goti najua litafaulu, lakini udongo wa kutosha hatuna. Macho yangu yako kwa Muundi."

"Na Muundi ikishindwa?" aliuliza mvulana mmoja wa mbele. Watoto walimwita Meya, kwa sababu hakuweza kuomba hata kalamu bila kuhutubia.

"Ikishindwa, mgodi utakizungushia Kipara ua wa waya, na habari itaishia hapo."

Hapo Bibi Shamba akaingiza mkono kwenye mfuko wake mkubwa na kutoa mpira. Mpira wa ngozi, mpya, unaonukia harufu ya dukani.

"Timu itakayomaliza kitalu chake kwanza, ikapimwa na kuonekana sawa, itautunza huu mpaka siku ya kufungua uwanja."

Chiriku alikwishaacha kupumua.

Akawa nahodha wa Timu Muundi. Nani angethubutu kupinga? Wenzake walikuwa wawili: Sururu, msichana mwenye nguvu aliyekuwa golikipa wao, na Kitunguu, mvulana mpole aliyetokwa machozi hata akisikia habari njema. Bibi Shamba alimsimamisha Chiriku pembeni ya fimbo ya chuma, akapima muundi wake, kisha akapaka rangi nyekundu mahali pale. Tone moja likamwangukia Chiriku mguuni, likaacha mstari mwekundu.

"Hii fimbo ni mguu wangu!" alitangaza nyumbani jioni ile. "Mama, mguu wangu utajenga uwanja!"

"Huo mguu uoshwe kwanza," mama akasema. "Wajenzi hawalali na matope."

Jumamosi kazi ilianza, na ilikuwa kazi kweli. Lori la Mama Chiriku lilimwaga udongo mweusi kando ya Kipara, watoto wakaupakia kwenye matoroli na kuusukuma hadi kwenye vitalu. Kila kitalu kilikuwa na mbao pembeni kuzuia udongo usimwagike. Chini ya kila kimoja, kifusi cha chumvi kilikuwa kigumu kama sakafu. Ukichoma fimbo kwenye udongo mweusi, ilizama vizuri, kisha ikagonga *ko!* kwenye kifusi na kusimama. Hapo ndipo ulipotazama kama rangi nyekundu imezama.

Timu Muundi ilianzia upande wa barabara, karibu na bomba la maji. Walijaza, wakapima, wakajaza. *Ko!* Sawa. *Ko!* Sawa. Chiriku alitangaza kila toroli kama goli. Lakini walipokaribia nusu ya kitalu, mikono ilikuwa imechubuka, jua limekaa utosini, na ng'ambo ya pili sauti ya Meya ilivuma.

"Ndugu wananchi wa Muundi! Sisi wa Goti, wenye kitalu chenye kina kirefu kuliko chenu, tunakaribia kumaliza! Je, mnahitaji msaada wa serikali?"

Timu yake ilicheka mpaka ikakaa chini. Ilikuwa na watu wengi, na ni kweli ilikaribia kumaliza, huku wadogo wawili wa Timu Kifundo wakiwa bado wanahangaika na toroli lao moja.

"Tumekwisha," alisema Kitunguu, machozi yakianza safari.

Chiriku aliutazama mpira wa ngozi uliokuwa juu ya kiti cha Bibi Shamba, unang'aa. Akakitazama kifusi kigumu miguuni pake. Akaitazama fimbo. Wazo likamjia, la haraka na la werevu. Wakati ule halikuonekana baya.

"Fimbo inasimama kwa sababu kifusi ni kigumu," alinong'ona. "Tukikilegeza kwa jembe, fimbo itazama tu. Juu tutatandaza udongo wa kufika kifundoni. Nani ataona?"

Sururu alijikuna kichwa. "Lakini hiyo siyo muundi."

"Imepungua kidogo tu. Nyasi hazijui kupima."

Hawakubishana zaidi. Wakalima kifusi, wakakifunika harakaharaka, wakasawazisha kwa reki. Bibi Shamba alipokuja, alichoma fimbo upande wa barabara: *ko!* Akachoma katikati: ikazama hadi kwenye rangi, kimyakimya. Akachoma mwisho: ikazama.

"Timu Muundi imemaliza kwanza!" alitangaza.

Walirukaruka hadi vumbi likawafunika. Usiku ule Chiriku alilala na mpira kifuani.

Nyasi zilipochipua, shule nzima ilikimbilia Kipara. Majani membamba, ya kijani kibichi, yametokeza pale ambapo hapajawahi kutokeza hata gugu! Kitalu cha Muundi kilitangulia vingine. Watoto walicheza, Mwalimu Mkuu alitikisa viuno kidogo akijidai anarekebisha mkanda, na hata Meya alimpa Chiriku mkono na hotuba fupi. Chiriku alijiambia kuwa wazo lake lilikuwa wazo zuri tu.

Kisha zikaja wiki za jua kali bila wingu.

Kitalu cha Kifundo kilikuwa cha kwanza kupauka. Hilo halikumshangaza mtu. Lakini asubuhi moja Sururu alimvuta Chiriku mkono hadi kwenye kitalu chao, akamwonyesha. Ncha za majani zilikuwa za kahawia, kama zimepitishwa motoni. Kati ya mashina kulikuwa na unga mweupe. Upande wa barabara peke yake ndio uliobaki kijani.

"Tumwagie maji mengi," alisema Chiriku.

Walimwaga maji. Siku mbili baadaye unga ulirudi, mweupe zaidi. Chumvi ilikuwa imepanda utambi wake.

Ijumaa ile Bibi Shamba alikuja na Mwalimu Mkuu. Mama Chiriku naye alikuwepo, ameegesha lori akingoja kuambiwa kama udongo utaendelea kubebwa. Darasa zima lilisimama kuzunguka vitalu. Bibi Shamba aliinama, akaonja unga mweupe kwa ncha ya ulimi, akatema. Akaichukua fimbo na kuichoma katikati ya kitalu cha Muundi. Ikazama hadi kwenye rangi nyekundu. Akaichoma tena pengine. Ikazama.

"Kina kiko sawa," alisema taratibu. "Kumbe muundi hautoshi."

"Mbona huku pako kijani?" aliuliza Mwalimu Mkuu, akionyesha upande wa barabara.

"Ni bomba, Mwalimu. Linavuja, maji yanaisukuma chumvi chini. Hatuwezi kuweka bomba kila hatua ya uwanja." Akapangusa mikono. "Basi. Nitawaambia watu wa mgodi walete waya."

Waya! Chiriku aliona ua umekizunguka Kipara milele. Aliona barabara, filimbi, malori, na timu yake ikitawanyika pembeni. Na haya yote kwa kosa ambalo si la muundi! Muundi haukujaribiwa. Nyasi zile hazikuwa zimesema lolote juu ya muundi, kwa sababu chini yao hapakuwa na udongo wa muundi. Fimbo ndiyo iliyosema uongo, na aliyeifundisha kusema uongo alikuwa yeye.

Kwa mara ya kwanza maishani, Chiriku alitafuta maneno akayakosa. Akamtazama Sururu, na Sururu akatazama chini. Akamtazama Kitunguu, naye tayari alikuwa analia.

Mama yake alipanda lori na kuwasha injini.

"Ngoja!" Chiriku alipiga kelele. "Mama, zima! Zima lori!"

Hakungoja kuulizwa. Alinyakua beleshi mikononi mwa mtu, akaruka katikati ya kitalu na kuanza kuchimba. Nyasi zilirushwa huku na huku.

"Chiriku! Umepatwa na nini?" Mwalimu Mkuu alifoka.

"Tazameni! Njooni mtazame!" Alichimba mfereji mwembamba uliokikata kitalu kutoka katikati kwenda upande wa barabara. Sururu alimtazama, kisha akachukua jembe na kuingia naye. Kitunguu akafuata, akichimba huku anapangusa kamasi. Udongo uliruka, watoto wakasogea, Bibi Shamba akapiga magoti pembeni ya mfereji.

Na pale ukutani mwa mfereji, kila kitu kilikuwa wazi kama mkate uliokatwa kwa kisu. Katikati ya kitalu udongo mweusi ulikuwa tabaka jembamba la kufika kifundoni. Chini yake kilikuwa kifusi cha kijivu, kimelegezwa, kimejaa mistari myeupe ya chumvi. Lakini kadiri mfereji ulivyokwenda upande wa barabara, tabaka jeusi lilinenepa, likanenepa, hadi likafika mahali ambapo kifusi kilikuwa kigumu. Pale, nyasi zilikuwa na mizizi mirefu, myeupe kwa afya.

"Sisi ndio tuliokilima kifusi ili fimbo izame," alisema Chiriku akihema. Matope yalikuwa hadi kwenye pua. "Wazo lilikuwa langu. Nilitaka mpira. Huku kote ni kifundo tu, Bibi Shamba. Lakini kule tulikoanzia tulipima kwa haki. Pima! Tafadhali pima pale!"

Bibi Shamba alisimamisha fimbo ndani ya mfereji, mahali ambapo nyasi zilikuwa kijani. Rangi nyekundu ikalingana na uso wa udongo, bila kupungua wala kuzidi. Akasogea mbele, mbali kidogo na bomba. Pale palikuwa pakavu kabisa, maji ya bomba hayakufika, na nyasi bado zilikuwa kijani. Akapima. Muundi. Akapiga hatua moja zaidi, mahali ambapo tabaka lilianza kukonda. Hapo ncha zilianza kuwa za kahawia.

Akageuka, na uso wake ulikuwa umewaka.

"Mwalimu Mkuu," alisema, "siyo bomba. Ni kina. Muundi unatosha!"

Kelele zilizofuata ziliwatoa watu majumbani. Meya alijaribu kuhutubia, akashindwa, akaishia kupiga mbinja. Mama Chiriku alipiga honi ndefu mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaitikia.

Katikati ya shangwe, Chiriku alitoka mbio kuelekea nyumbani. Alirudi na mpira wa ngozi, akaupeleka moja kwa moja kwa Meya.

"Ni wenu," alisema. "Mlimaliza kwanza."

Meya aliupokea, akaugeuzageuza. "Timu Goti inakubali zawadi hii," alianza kwa sauti ya jukwaani. Kisha akasahau hotuba. "Lakini kesho asubuhi utakuja kutusaidia kuujaribu, si ndiyo?"

"Kesho asubuhi hana nafasi," Mama Chiriku alisema kutoka nyuma. Alikuwa ameshuka kwenye lori, na uso wake haukucheka. "Kesho, na Jumamosi zote zinazofuata, yeye na wenzake watakuwa hapa na toroli. Kitalu hiki kinajazwa upya. Safari hii kwa haki, mpaka kona ya mwisho."

"Ndiyo, Mama."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu. Yako ilikuwa fupi mpaka ikaishia kifundoni."

Watoto walicheka, na Chiriku naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

Bibi Shamba aliwaita wote wakakaa kando ya mfereji. "Sitawaambia kwamba nimefurahia mlichokifanya," alisema akiwatazama Timu Muundi. "Mlinidanganya, na uongo wenu ulibakiza kidogo tu kuufunga uwanja kwa waya. Mtu akidanganya kwenye kipimo, anawadanganya wote watakaokitumia baada yake, hata wasiomjua. Wangekuja watoto wengine, kwenye mgodi mwingine, wakaambiwa muundi hautoshi, wakakata tamaa bure." Akaunyooshea mfereji kidole. "Lakini Chiriku angeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Ukweli ulimtia aibu mbele ya darasa zima, na ukweli huohuo ukatupa jibu ambalo fimbo yangu haikuweza kulitoa. Fanyeni kazi kwa haki hata pale ambapo hakuna jicho linalofika. Na mkikosea, chimbueni kosa lenyewe mapema, kabla chumvi haijapanda."

Baada ya mvua kuanza, malori yalipanga foleni kwenye Kipara. Lori la Mama Chiriku lilikuwa la mbele. Dereva mmoja mgeni alichungulia dirishani mwake, akauliza kwa sauti, "Jamani, tunatandaza udongo kwa kina gani?"

Chiriku alikuwa karibu, anasukuma toroli la kitalu chake, kona ya mwisho. Aliliacha toroli, akakimbia hadi katikati ya Kipara, akasimama wima kwenye udongo mweusi uliokwishamwagwa, na kukunja suruali.

"Hadi hapa!" alipaza sauti, akionyesha mahali ambapo Bibi Shamba alikuwa amempaka upya mstari mwekundu. "Hapa hasa! Wala pasipungue hata kidole!"